Waya gani ushuke kutoka kwenye antena?

"Shikamoo mzee. Redio ninayo, antena nimeshakata, mita kumi huku na kumi huku. Fundi wa dishi ananiambia waya wowote utafaa kuingiza ndani. Ni kweli?"

Ujumbe huo umetoka kwa kijana wa Korogwe aliyepata leseni yake ya redio ya ridhaa majuzi tu, na si wa kwanza kuniuliza hivyo. Marahaba, mwanangu. Fundi wa dishi hajakosea sana, ila hakukuuliza swali moja: hiyo antena utaitumia kwa bendi moja (kundi moja la masafa), au unataka uzunguke nayo bendi zote? Jibu la waya limelala hapo. Bei, unene na jina lililochapwa ubavuni vinakuja baadaye.

Niseme kwanza nilikotoka, ili ujue kwa nini napendelea ninachopendelea. Nimestaafu ufundi wa laini za simu. Enzi za Posta na Simu, maongezi ya mbali yalipita kwenye nyaya uchi, mbili mbili, juu ya nguzo, zimefungwa kwenye vikombe vya kauri. Kila baada ya nguzo kadhaa tulizibadilishia nafasi, wa kushoto uende kulia na wa kulia uje kushoto, ili maongezi ya jozi moja yasivujie jozi ya pili. Hizo omu 600 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) mnazokutana nazo mpaka leo kwenye vifaa vya sauti zilianzia kwenye nyaya za namna hiyo. Kwa hiyo nikiona nyaya mbili sambamba hewani, naona kazi yangu ya zamani. Vijana wengi wanaona kamba ya kuanikia nguo. Jirani yangu hapa Sahare, Tanga, aliwahi kuniuliza kama anaweza kuanika kanga zake.

Tuanze na hali nyepesi, ambayo ndiyo ya huyu kijana. Gawa 143 kwa masafa ya megahezi (MHz), utapata kwa mita urefu wa dipoli, yaani antena ya mikono miwili yenye urefu wa nusu wimbi. Kwa 7.1 inakuja mita 20 na kidogo, yaani alichokata. Dipoli ya namna hiyo, ikiwa juu mbali na kila kitu, ina omu kama 73 katikati. Ukiinua katikati na kuziinamisha ncha kama V iliyopinduliwa, inashuka kuelekea 50. Redio zetu zimetengenezwa zione 50. Waya wa king'amuzi, ile koaksi (waya wa kati uliozungukwa na wavu) iitwayo RG-6, ni 75. Tofauti ya 50 na 75 inakupa SWR (kipimo cha jinsi nguvu inavyogeuka na kurudi) ya 1.5, maana yake asilimia 4 ya nguvu ndiyo inayogeuka na kurudi. Redio haitaguna. Mtu akikwambia RG-6 haifai kwa sababu ni ya omu 75, muulize antena yake yeye ina omu ngapi.

Ubaya wa RG-6 uko kwingine. Wavu wake mara nyingi ni wa alumini, na alumini haishiki risasi ya kawaida, utalehemu mpaka usiku. Tumia viunganishi vyake vya kubana, vile vya king'amuzi, halafu adapta ya kuingia kwenye redio. Waya wake wa kati kwa kawaida ni chuma kilichopakwa shaba. Hilo watu wanalikuza mno. Umeme wa masafa ya juu haupiti moyoni mwa waya, unapita kwenye ngozi. Kwa 7 MHz ngozi hiyo kwenye shaba ina kina cha mikroni 25 tu, chini ya unene wa unywele. Shaba iliyopakwa vizuri inatosha. Ukishuka 3.5 MHz ngozi inazidi kuwa nene na chuma kinaanza kuonja, hapo hasara inapanda kidogo.

RG-58, ile nyembamba ya milimita 5, ndiyo watu wanayoijua kwa redio. Kwa mita 25 kwenye 7 MHz inakula desibeli moja hivi. Ukiingiza wati 100 zinafika 80. Inasikitisha ukiiandika kwenye karatasi, lakini alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio ya mwenzako, ni desibeli 6, kwa hiyo hata ukimwambia ni lini umebadilisha waya hatakuamini. Kwenye kusikiliza ndiyo kabisa hupotezi kitu. Kwenye 7 MHz kelele za hewani na za taa za LED za mtaa mzima ni kubwa kuliko kelele za ndani ya redio, na waya unapunguza kelele na sauti kwa pamoja.

Ila hakikisha ni RG-58 kweli. Dukani, omba kipande ukichune sentimita tano. Wavu ukiwa umeachana kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyuzi zake, rudisha. Nenda na sumaku ndogo mfukoni: kwenye RG-58 ya shaba haishiki mahali popote. Ikishika moyo wake, umeuziwa waya wa dishi uliovaa nguo nyeusi. Muuzaji atakukunjia uso, lakini ni mara moja tu.

Kwa hiyo bendi moja: RG-58 ikiwa halali, RG-6 ikiwa ndiyo iliyopo, na RG-213 nene ya milimita 10 ukiwa na umbali mrefu au unataka kupanda 28 MHz, ambako RG-58 ya mita 25 inakula desibeli mbili. Hapo mjadala umekwisha, na sioni haja ya watu kugombana juu yake.

Sasa njoo kwenye bendi nyingi, huko ndiko watu wanakopoteza nguvu bila kujua.

Chukua dipoli hiyohiyo ya mita 20. Kijana anaizoea 7 MHz, jioni moja anasikia 14 MHz imejaa watu wa Ulaya, anawasha tyuna (kifaa cha kulinganisha omu za antena na za redio), anazungusha, SWR inashuka mpaka 1, anaita. Hakuna anayemjibu. Kilichotokea ni hiki. Kwenye 14 MHz waya huo si nusu wimbi tena, ni wimbi zima, na katikati yake kuna maelfu ya omu. Kwa koaksi ya 50, SWR kule juu inaweza kufika 60 au zaidi. RG-58 ya mita 25 kwenye 14 MHz, ikiwa imelingana vizuri, inakula kama desibeli 1.4. Lakini mawimbi yanayogeuka yanapita ndani ya waya huo tena na tena, na kila safari inatozwa. Nimefanya hesabu kwa SWR ya 60: jumla ya hasara inazidi desibeli 10. Kati ya wati 100, antena inapata kama 9. Zilizobaki zinapasha moto koaksi.

Atasema basi nanunua RG-213. Haya, hesabu ileile na RG-213: antena inapata wati 20. Umelipa mara kadhaa zaidi, umebeba waya mzito unaoivuta dipoli iwe kama tumbo la mbuzi mjamzito, na bado wati 80 ziko njiani.

Na kinachowadanganya watu ni kipimo. Ile SWR ya 60 kule juu, ukiisoma chini upande wa redio kupitia RG-58 hiyo, itaonyesha chini ya 6. Waya umemeza yale yaliyokuwa yanarudi, hivyo kipimo hakiyaoni. Waya mbovu kadiri unavyozidi kuwa mbovu ndivyo SWR yako inavyopendeza. Nimeona mtu akijisifu kwamba antena yake inashika bendi zote, kumbe koaksi yake ilikuwa imejaa maji.

Nyaya pacha zilizoachana hewani haziko hivyo. Hewa ndiyo kihami chake, na hewa haitozi karibu chochote. Weka omu 600, SWR kwenye mfano wetu inakuwa 5 au 6 tu kwa sababu maelfu ya omu hayako mbali na 600, na hasara ya urefu uleule inabaki desibeli 0.15 hivi. Kati ya wati 100 zinafika 96 au 97. Tyuna na baluni (kiungo kati ya nyaya pacha na koaksi) zitachukua chao, lakini hata zikichukua wati kumi bado uko mbali sana na 9. Wala si uvumbuzi mpya. Louis Varney wa Uingereza, mwenye kitambulisho cha redio G5RV, aliipanga antena yake ya mita 31 mwaka 1946, na akaishusha kwa nyaya pacha za mita kumi na kidogo. Watu wanaonunua nakala zake leo wanaangalia waya wa juu, wanasahau kwamba kile kipande kinachoning'inia ndicho kinachofanya kazi ngumu.

Yangu ina mita 27 kati ya minazi miwili. Hailingani na bendi yoyote ninayoitumia, na sijali. Kinachoshuka ni jozi ya mita 14 niliyoifunga mwenyewe. Mkanda wa bapa wa omu 300 wa antena za televisheni za zamani siupendi kwetu huku pwani: ukilowa na kushika chumvi tabia yake inabadilika, tyuna uliyoipanga asubuhi mvua ikinyesha inakukana. Ule wa omu 450 wenye madirisha ni mzuri, ila mpaka uagize nje. Nyaya zilizoachana kweli hazijali sana mvua.

Nilinunua roli moja la mita 100 la waya wa nyumba, ule wa milimita za mraba 1.5, wenye shaba moja imara ndani, si nyuzi nyuzi. Linatosha antena na jozi na linabaki. Ukiziachanisha sentimita 10 unapata karibu omu 600 kamili. Hesabu yake ni 276 mara logi ya umbali mara mbili ukigawa kwa kipenyo cha waya, na 1.5 ina kipenyo cha milimita 1.38. Plastiki yake inashusha kidogo, haina neno. Hakuna ulazima wa 600. Sentimita 8, sentimita 12, yote sawa mradi usibadilishe badilishe njiani.

Vitenganishi ni bomba jeupe la plastiki, lile la kupitishia nyaya za umeme ukutani, la milimita 20. Likate vipande vya sentimita 12. Kila kipande kina tundu sentimita moja kutoka kila mwisho. Wengine wanapitisha waya tunduni, lakini kwa vipande ishirini na kitu utachoka, na plastiki ya waya itachunika. Mimi nakata ufa mdogo kwa msumeno kwenye mdomo wa bomba, naukalisha waya kwenye ufa, halafu tundu linatumika kupitisha kifungo cha plastiki kinachoubana. Chagua vifungo vyeusi, vyeupe jua la Tanga linavivunja kabla mwaka haujaisha. Kipande kimoja kila nusu mita. Kisha ukiwa unaishusha, isokote polepole, nusu mzunguko kila mita moja au mbili. Upepo wa kusi haupati uso bapa wa kuupiga, na waya zote mbili zinauona ukuta na mti kwa usawa. Ni kubadilishana nafasi kulekule kwa kwenye nguzo, ila hapa unafanya kwa mkono mmoja.

Minazi inayumba, jambo hilo usilisahau. Ncha moja ya antena yangu imefungwa moja kwa moja, nyingine inapita kwenye kapi na kushuka na dumu dogo la mchanga. Mnazi ukienda, dumu linapanda, waya haukatiki.

Sasa udhaifu wake, maana sitaki mtu aje kunilaumu. Nyaya pacha hazitaki kukaribia chuma. Koaksi unaweza kuilaza juu ya mabati, ukaizungushia nguzo, ukaifukia ardhini, haijui. Jozi inataka iachwe mbali na bati, mfereji wa maji na nondo kwa mara tatu au tano ya upana wake. Kwa sentimita 10 basi weka nusu mita ulale usingizi. Na nyumba zetu zote zina grili madirishani. Kupitisha omu 600 katikati ya nondo ni kuharibu kila kitu ulichohangaikia nje.

Dawa yake ni hii. Jozi inaishia chini ya ukingo wa paa, ndani ya boksi la plastiki lenye baluni ya 1:1, isiyobadilisha omu, na kutoka hapo mita mbili tu za RG-213 zinapita grilini mpaka kwenye tyuna. Ndiyo, koaksi hiyo ina SWR mbaya. Lakini ni mita mbili, na hasara inatozwa kwa mita. Watu wanapenda kuweka 4:1 wakidhani 600 lazima igawanywe. Hicho kinachofika chini si 600. Kwenye bendi nyingine ni maelfu, kwenye nyingine ni makumi, na makumi ukiyagawa kwa nne unaipa tyuna kazi isiyoiweza. Weka 1:1 ya mkondo, iliyozungushwa kwenye pete ya feraiti (kauri yenye chuma ndani) ya kununua. Feraiti za televisheni za kisogo mnazotoa kwa fundi sizikatazi, ila hujui mchanganyiko wake, na pete inayochemka haina faida.

Wa koaksi nao wasidhani baluni haiwahusu. Dipoli ina pande mbili zilizo sawa, koaksi haina. Bila kizuizi, mkondo unateremka nje ya wavu mpaka ndani ya nyumba: maikrofoni inakuchoma mdomo, redio ya jirani inazungumza sauti yako, na wakati wa kusikiliza wavu huohuo unakuletea kelele zote za chaja na taa. Kama pete hupati, kwa bendi moja zungusha mita sita na nusu za koaksi hiyohiyo kwenye bomba la inchi nne, raundi kumi na nane zilizolala kando kwa kando, pale pale katikati ya dipoli. Kwa 7 MHz inafaa.

Umeme kwenye jozi si wa kuchezea. Wati 100 kwenye omu 4,000 ni zaidi ya volti 600. Ngozi itaungua kabla hujasema kitu. Kwa hiyo pale inapokuja kuelekea nyumba iwe juu ya kichwa cha mtu mrefu, na isipite wanapocheza watoto. Mbuzi wangu nimewahamisha.

Chumvi nayo. Koaksi ikipata tundu juu, wavu unanyonya maji kama utambi, na chumvi inafuata. Ukiichuna baada ya muda shaba ni nyeusi au ya kijani, mita kadhaa ndani. Kiunganishi cha juu kielekee chini, kifungwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si ile ya umeme peke yake, na juu yake nazungusha vipande vya tyubu ya baiskeli kuzuia jua. Kabla ya kuingia nyumbani, acha waya ulegee ushuke chini ya tundu kisha upande, maji yadondokee nje. Kwa jozi, kutu inakaa kwenye maungio tu na unaiona kwa macho. Kwangu hiyo ni sababu kubwa kuliko desibeli. Kitu kikiharibika nataka nikione nikiwa chini, na darubini ya mkononi inatosha.

Wakati wa masika naondoa koaksi kwenye redio kila ninapomaliza, na jozi ina swichi ya kisu yenye mikono miwili inayoipeleka ardhini. Swichi hiyo iko nje ya nyumba, kwa sababu radi ukiishaikaribisha ndani huna la kuiambia.

Na kama umeshafunga kila kitu na kuna bendi moja tyuna inaikataa, usibomoe. Urefu wa jozi ndio unaoamua omu gani zinafika chini, kwa hiyo ongeza au punguza. Kwangu 21 MHz ilikuwa haikubali kabisa, redio inapunguza nguvu yenyewe. Nikaongeza kipande cha mita moja na nusu chini ya ukingo wa paa, kimening'inia kwa uzi wa kuvulia samaki ili kisiguse bati. 21 inashika. 10 MHz ikaanza kuwa ngumu kidogo, lakini tyuna inaivumilia, na namba za vitufe vyake kwa kila bendi nimeziandika kwa kalamu ya wino juu ya kifuniko.